Aliyepitia Dirishani

Harufu ya dizeli na maji ya ziwa hunirudisha kivukoni Busisi, msimu wa kuvuna mpunga. Nilikuwa darasa la tatu, na mama yangu alikuwa amelala nyuma ya pikapu akiuma upindo wa khanga.

Bibi, mama yake baba, alikuwa mfugaji mwenye mdomo usio na breki. Mwanamke akijifungua kwa upasuaji, Bibi alimsema mpaka basi. "Huyo hakuzaa, kazalishwa na kisu! Wavivu wa kusukuma hao." Siku ile muuguzi wa zahanati yetu alimpapasa mama tumbo, akasema mtoto amelala amekingama, hatatoka mpaka mama apasuliwe mjini Mwanza. Nikamtazama Bibi nikingoja matusi. Wapi! Mwaka uliotangulia ng'ombe wake kipenzi alikufa na ndama aliyelala vivyo hivyo, alisukuma tangu alfajiri mpaka roho ikamtoka. Bibi alikuwa amekaa naye muda wote.

"Twendeni!" akafoka. Kivukoni kulikuwa na foleni ndefu ya malori. Bibi akasimama mbele ya lori la kwanza na fimbo yake ya kuchungia. "Baba, rudisha gari lako nyuma. Nina watu wawili hapa wanakufa!" Dereva akasema, "Shikamoo, mama," akarudi nyuma. Ziwa halijawahi kuwa pana kama siku ile. Nililia njia nzima nimeshika mguu wa mama.

Hospitalini tulikaa kwenye benchi. Jioni muuguzi akatoka akitabasamu. "Wako wawili, mama na mtoto, wazima." Weee! Kwa vigelegele alivyopiga Bibi, mlinzi alikuja mbio.

Tuliporudi nyumbani, jirani akauliza kwa kejeli, "Kazaa au kapasuliwa?"

Bibi akamgeukia. "Kazaa! Mlango uliziba, mgeni kapitia dirishani. Wewe mgeni akifika unamkaribisha au unamhoji?"

Siku hizi kuna daraja hadi Kigongo, ng'ambo ya pili, na mdogo wangu, huyo huyo wa dirishani, hulivuka na pikipiki yake akipiga honi bila sababu. Mwaka jana nami nilipasuliwa, mapigo ya moyo ya mtoto yalipoanza kushuka. Bado wapo walioniuliza kama nilizaa kawaida. Bibi, ambaye sasa haoni vizuri, alipiga simu na swali moja tu.

"Mko wawili?"

"Tuko wawili, Bibi."

Akapiga vigelegele mpaka mtoto akaamka.