Daktari wa Meno na Shemeji Yangu

Kazi yangu ni kusema uongo kwa kipaza sauti. Hapa Kilwa Masoko nina chumba cha mabati chenye mabenchi na runinga moja kubwa, na ndani yake naonyesha filamu za nje huku nikieleza kwa Kiswahili wanachosema mle ndani. Wateja hawaji kusoma maandishi, wanakuja kunisikiliza mimi. Nikinyamaza dakika moja tu, mtu wa nyuma anapaza sauti: "Fundi, umelala?" Kwa hiyo sinyamazi. Mwigizaji akinywa maji, nasema anakumbuka mchumba wake wa kwanza. Akifunga mlango, nasema ndiyo basi tena, huyo harudi. Mara nyingi anarudi, na hapo natafuta maneno mengine.

Mwaka jana muuza filamu aliniwekea moja kwenye flashi akaniambia, "Hii ya moto." Picha yake ya jalada ilikuwa na mwanamume wa koti jeupe, kakaa kitandani peke yake. Nikaiandika kwenye ubao wa nje, Alhamisi, saa nane mchana. Watu walijaa kuliko siku ya mpira. Nilijua wamefuata nini, na wao walijua kwamba najua, tukasalimiana kwa heshima zote.

Niseme wazi kwamba niliichukia ile filamu. Inahusu daktari wa meno, mtu mstaarabu, ana mke, ana gari, shati limenyooka, na hawezi kupitisha siku bila mwanamke. Si mwanamke fulani, yeyote tu. Tena hafurahi! Akimaliza anakaa kwenye ukingo wa kitanda, anatazama ukuta, ananyanyuka, ananawa mikono, anaondoka. Nusu nzima ya filamu jamaa ananawa mikono. Watu wamekuja kutafuta raha, wanaonyeshwa sabuni.

Kwenye sehemu zenyewe nina utaratibu wangu. Nina kipande cha boksi la friji nimekipigilia mpini wa fagio, na mambo yakianza nakisimamisha mbele ya runinga huku naendelea kueleza: "Hapa sasa wanakunywa chai." Mji wenyewe mdogo huu, baba wa mteja wangu nasali naye safu moja. Siku ile walikunywa chai mara kumi na moja. Mzee mmoja muuza chumvi akauliza, "Hawa watu hawali hata andazi?"

Ubaya mwingine ni kwamba yule daktari ni nadra kuongea. Anatazama tu. Ukumbi ukaanza kuguna, nikaona jina langu linaharibika, basi nikamsemea mimi. Nikamfanya jembe. Akitembea barabarani nasema, "Anajisemea moyoni: mimi mmoja, wote hawa nitawamaliza lini?" Watu wakavunjika mbavu. Ikaja sehemu daktari kakaa na watu wengine kwenye viti vya plastiki, wamezunguka duara, kila mtu anaongea kwa zamu, taratibu, macho chini. Mtu akauliza, "Kesi ya nini hiyo?" Nikajibu, "Wazee wa ukoo wamemwita. Anawaambia, mnanionea wivu tu." Wakapiga makofi. Mwisho kabisa daktari anaegesha gari nje ya nyumba ya mkewe, injini inawaka, hashuki, na filamu inakwisha hapo hapo. Filamu gani inakwisha namna hiyo? Nikasema mke alitoka, akamsamehe, wakapata mapacha. Wateja wakatoka wameridhika.

Aliyebaki kwenye benchi la nyuma alikuwa shemeji yangu.

Shemeji ni mume wa dada yangu, fundi wa sola. Kutoka hapa hadi Kitomanga hakuna paa ambalo hajalipanda, na taabu ya dada yangu ni kwamba hakuishia juu ya paa. Akifunga taa kwa mjane, ni yule mjane. Akibadilisha betri kwa mwalimu, ni mwalimu. Na ukimtoa hapo ni mtu mwema, wallahi. Mama yangu alipoumwa miguu, yeye ndiye aliyemjengea choo cha kukaa, wakati mimi mtoto wa kuzaa nilikuwa bado naulizia bei ya saruji.

Kila mtu alikuwa na maoni yake juu ya ugonjwa huo. Mama alisema ni jini mahaba, jini jike lililomposa tangu ujana na halitaki atulie na mke mmoja. Akanyweshwa kombe, yale maji ya kuoshea aya zilizoandikwa kwenye sahani, mara tatu. Akapelekwa kwa mganga huko Kitomanga, akarudi ananukia ubani, na ana namba ya simu ya binti wa mganga. Mimi nilisema hakuna jini hapo, ni kukosa haya, basi.

Dada alikuwa amerudi nyumbani kwa mama mara nne. Na kila mara ilikuwa hivi: anaitwa mjomba, maana kwetu mjomba ndiye mwenye neno, anaitwa mshenga aliyeleta posa, tunakaa mkekani, shemeji anasema, "Nimekosa, sirudii," mjomba anasema, "Yamekwisha," tunasoma fatiha, tunakula pilau. Dada anafunga mizigo anamfuata mumewe. Mara hii ya tano alikuja na cherehani. Mwanamke akihama na nguo, atarudi. Akihama na cherehani, hapo jamani mjue kumeharibika. Alituambia mapema kwamba mambo yakienda kama siku zote, anadai talaka yake. Kikao kilipangwa siku ya pili ya filamu ile, Ijumaa, baada ya swala.

"Shemeji," akaniita kutoka kule nyuma.

"Naam."

"Yule bwana, pale kwenye viti. Hakusema wanamwonea wivu."

"Kwani wewe Kiingereza umejifunza lini?"

"Sijui hata neno. Lakini sura ile si ya mtu anayejisifu. Ile sura naijua. Nirudishie pale."

Nilikuwa na njaa, na hasira za dada yangu nilikuwa nazo tumboni. Nikarudisha, ili aondoke. Halafu nikamweleza kile daktari alichosema hasa, neno kwa neno, bila kipaza sauti. Nikamwambia wale wa kwenye viti wote wana ugonjwa mmoja na yeye, wanakutana kuambiana ukweli. Alisema: leo ni siku ya tisa sijagusa mwanamke. Sikutaka kuja. Sikumbuki mara ya mwisho nimeona raha, nafanya tu kama mtu anayejikuna mpaka anatoka damu. Nikimwahidi mke wangu kwamba nimeacha, namdanganya, na yeye anajua. Naweza kumwambia ya leo tu.

"Rudia."

Nikarudia mara tatu. Mara ya tatu shemeji akaanza kulia, mtu mzima, mikono imelala magotini, hata hajifuti. Nikatazama kipande changu cha boksi, nikatamani nikisimamishe mbele yake. Sikujua pa kuweka uso. Niliona aibu, niseme ukweli, maana muda mfupi uliopita nilikuwa nimewachekesha watu wa mji mzima kwa machungu ya mtu, na nilikuwa nimejisikia fundi kweli kweli.

"Kumbe kuna wengine," akasema. Akaondoka bila kuaga.

Ijumaa tukakaa. Mjomba alikuja na kanzu safi na haraka zake, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku pua imeelekea jikoni. Mshenga akakaa karibu na mlango. Mama na dada upande wa ukuta.

"Haya baba," mjomba akamwambia shemeji, "sema."

"Nimekosa."

"Eeh. Na?"

"Basi, mjomba."

"Basi nini? Sema hurudii."

"Hilo siwezi kulisema. Nitakuwa nawadanganya."

Mshenga akamsogelea, akamnong'oneza kwa sauti ambayo hata jirani aliisikia, "Mwanangu, sema tu, neno moja, tusome fatiha." Mama akasema, "Si niliwaambia? Jini limemshika ulimi." Mjomba akauliza, "Haya mambo kafundishwa na nani?" Mimi nikawa nauchunguza mkeka, umesukwa vizuri.

Dada hajawahi kusema kitu kwenye vikao vile. Mwanamke husemewa. Lakini akasema, "Mara ya mwisho lini?"

"Hayo hayaulizwi mbele za watu," mjomba akafoka.

"Nauliza mimi. Lini?"

"Juzi," shemeji akasema.

Juzi! Mkewe yuko kwa mama yake na cherehani, kikao kimeshaitishwa, na yeye juzi. Nilitaka kunyanyuka nimtie kofi, Mungu anisamehe, na ningemtia kama mshenga asingekuwa amekaa kwenye upindo wa kanzu yangu.

"Na jana?" dada akauliza.

"Jana nilikuwa kwa shemeji, natazama filamu."

Wote wakanigeukia mimi.

"Na leo?"

"Leo hapana. Leo bado sijafanya."

Dada akajifunika uso kwa upande wa kanga. Alipojifunua, macho mekundu, alimsemesha mjomba, si mumewe. "Miaka kumi na miwili naishi na huyu mtu. Leo ndiyo mara ya kwanza namuuliza kitu ananijibu." Kisha akatoa hukumu yake: harudi kwa mumewe, na talaka pia haitaki. Mumewe awe anakuja pale kila siku baada ya alasiri, amwambie ya siku hiyo, aende zake.

Mjomba alisema jambo hilo halimo kwenye dini wala kwenye mila, wala yeye hajalisikia Lindi nzima. Fatiha haikusomwa. Pilau tulikula, na la kwake mjomba aliomba awekewe kwenye hotipoti aondoke nalo.

Jioni dada alinifuata uani, nikamsimulia ile filamu. "Hiyo filamu yenu, yule mke alifanyaje?"

"Filamu haikusema."

"Na wewe ukumbini ulisemaje?"

"Nilisema wakapata mapacha."

"Mjinga wewe," akaniambia.

Basi ndivyo tunavyoishi. Baada ya alasiri tunasikia pikipiki. Shemeji anasimama nje ya uzio, kofia ngumu mkononi, ngazi imefungwa nyuma, anasema, "Leo hapana." Dada anasema, "Nimesikia." Mwenzake anawasha pikipiki, anaondoka. Siku nyingine anapita moja kwa moja bila kusimama, macho mbele, na siku hiyo nyumba nzima tunatembea kwa vidole vya miguu. Siku moja alisimama akasema, "Leo ndiyo." Angeweza kupita tu, au kudanganya. Dada akasema, "Nimesikia," kama siku zote, akaingia chumbani, na vitambaa vya watu vikalala juu ya cherehani mpaka kesho yake.

Majirani nao wana maoni yao. Wapo wanaosema dada kamroga, wapo wanaosema kamfanya askari wa zamu. Mjomba anasema tumekuwa kichekesho cha wilaya. Ile filamu sijaionyesha tena, na maoni yangu sijayabadili sana: ni ndefu, sabuni nyingi, na mwisho wake ni wa mtu aliyechoka kuandika. Ile sehemu ya viti ndiyo nzuri, nakubali.

Ila mimi nina hasira za karibu, na wiki iliyopita zilinishinda. Shemeji alikuwa amepita bila kusimama siku mbili mfululizo, na dada anashona sare za shule kama hakuna kilichotokea. Nikamwambia, "Hivi dada, unatufanyia nini? Mtu ukimchoka, unamwacha, dunia inaendelea. Huyu mwanamume unamtaka au humtaki?"

Hakuondoa mguu kwenye cherehani.

"Namtaka," akasema. "Ningekuwa simtaki, ningesharudi kwake zamani, niendelee kula pilau na uongo wake."