Kiyoyozi cha Pili cha Mama Edwina

Saa mbili na nusu asubuhi, paa tayari limeshika moto. Jepchirchir Tuwei amepiga magoti juu yake, kwenye ubao wa plaiwudi alioutandaza ili uzito wake usilemee sehemu moja. Mbele yake kuna tundu la mraba, inchi kumi na nne kila upande, lililobaki baada ya kung'oa feni kuukuu. Anaingiza mkono mpaka begani na kupapasa mbao za ndani ya paa, moja baada ya nyingine, macho ameyafumba.

"Zimekauka," anasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliyepewa siri. "Hakuna iliyooza. Paa hili litabeba."

Chini yake, uani mwa karakana moja ya Downsview, kaskazini mwa jiji la Toronto, imeegeshwa nyumba nzima juu ya magurudumu. Ina sebule, jiko, choo, na chumba cha kulala kilichoinuka kwa mbele, pale ambapo shingo ya karavani hupanda juu ya bodi ya pikapu inayoivuta. Sebuleni kuna kiyoyozi kimoja, na ubaridi wake huishia kwenye ngazi tatu za kupandia chumbani. Leo kinawekwa cha pili.

Wenye nyumba wamekaa kivulini kwenye viti vya kukunja. Caetano Fernandes, Mgoa mwenye umri wa miaka 76, alikuwa mchoraji wa ramani za majengo jijini Nairobi kabla ya kuhamia Canada. Mkewe Edwina, 73, alikuwa karani wa parokia. Vyeti vya ubatizo alivyoviandika kwa mkono bado vimetundikwa kwenye kuta za watu asiowakumbuka.

Edwina ana ugonjwa wa neva, na joto ndilo linalomwangusha. Mwili ukipata moto, miguu hulegea, macho huingia ukungu, na vidole hukataa kushika kalamu. Akipoa, hurudi kuwa mwenyewe.

Julai iliyopita walifunga safari kwenda kwa binti yao Elaine, muuguzi katika mji mdogo kando ya Ziwa Huron. Usiku wa pili chumba cha karavani kilifika nyuzi joto 32. Asubuhi yake Edwina hakuweza kushuka zile ngazi tatu. Waligeuza gari wakarudi.

Mwaka huu Elaine anatarajia mtoto wake wa kwanza, mwezi Agosti. Anaishi kwenye chumba kimoja cha kupanga, hivyo wazazi wake hawana pa kulala isipokuwa ndani ya karavani yao. Kisipopoa chumba hicho, Edwina hatakwenda.

"Nimeshapata mnunuzi," anasema Caetano, akiitazama karavani badala ya kumtazama mkewe. "Anakuja Jumamosi kuichukua. Fundi akishindwa leo, basi, nayo iende."

Leo ni Alhamisi.

Alipofika asubuhi, Edwina alitakiwa kutia saini fomu ya kazi. Pikapu yao haina ubaridi wa kutosha, na alikuwa ameketi humo kwa saa nzima. Kalamu iliteleza, saini ikashuka nje ya mstari na kuishia ukingoni mwa karatasi.

"Nisamehe, mwanangu," alimwambia Jepchirchir. "Zamani mkono huu ulikuwa na adabu."

"Unatosha, Mama Elaine," fundi alimjibu. Akaikunja fomu taratibu na kuitia mfuko wa shati, ingawa fomu za wateja hukaa ofisini.

Jepchirchir, 43, alijifunza ubaridi kwenye maziwa. Huko Nandi, magharibi mwa Kenya, alifanya kazi miaka tisa katika kituo cha kupozea maziwa ya wakulima. Tangi moja lilibeba lita elfu tano, jasho la familia zaidi ya mia nne, na mashine ikizimika kwa nusu siku, yote humwagwa.

"Nilikuwa nikiweka kiganja kwenye tangi na kujua kama liko sawa," anasema. "Mpaka leo nastaajabu. Unachukua joto la mahali, unalibeba, unalitupa nje. Hulioni, lakini umelihamisha. Nani asiyeshangaa?"

Toronto haikutaka kujua habari za maziwa. Alipofika miaka kumi na moja iliyopita alifungasha viatu ghalani kwa kima cha chini cha mshahara, akipanda mabasi mawili kutoka mtaa wa Jane na Finch. Alisoma chuo jioni kwa miaka miwili, kisha akapeleka maombi kwenye karakana ishirini na saba. Ishirini na sita hazikumjibu. Ya ishirini na saba ni ya Alnasir, mzaliwa wa Mwanza.

"Nilimpa kiyoyozi kibovu nikamwambia anitengenezee," Alnasir anakumbuka. "Hakugusa hata spana. Akakaa, akakisikiliza. Nikajiambia, huyu ama ni mganga ama ni mvivu."

"Na mpaka leo hujaamua," Jepchirchir anamrudishia kutoka juu ya paa.

Ana desturi moja ambayo mafundi wenzake huicheka. Hafungui hata skrubu kabla ya kukaa ndani ya chumba pamoja na mwenyewe. Jana alimwomba Edwina alale kitandani kama anavyolala siku zote, yeye akaketi sakafuni kwa dakika ishirini, jasho likimtiririka, akipitisha mgongo wa mkono kwenye kuta. Aligundua kwamba ukuta wa kichwani ndio unaopigwa na jua la mchana. Kwa hiyo leo ameelekeza matundu ya hewa upande wa mto.

Saa tano foklifti inainua kiyoyozi, kilo arobaini na tano, hadi juu. Jepchirchir anakipokea na kukishusha kwenye tundu, mpira wa kuzuia maji ukiwa chini yake. Kisha anaingia ndani na kukaza bolti nne kutokea darini, kila moja kidogo kidogo kwa zamu. Mpira unapobonyea nusu ya unene wake, anaacha. Ukizidi hapo, anasema, maji ya mvua yatapata njia.

Kazi ngumu zaidi ni umeme. Mahali wanapokwenda kuegesha kuna nguzo ya umeme ya ampea thelathini tu, na kila kiyoyozi kikiwaka hunywa kama kumi na mbili. Tatizo ni kile kishindo cha kuanza, ambapo mashine hutaka mara kadhaa ya hapo. Amevitia vyote viwili kifaa cha kuviamsha polepole. Amevuta waya mpya kupitia kabatini hadi kwenye breka yake, swichi inayokata umeme ukizidi, na amefunga uani nguzo ya ampea thelathini, sawa na ya huko.

Saa nane anawasha vyote. Nje ni nyuzi 33, chumbani 36. Edwina amepanda kitandani na kitabu chake cha sala. Nyuzi zinashuka. Thelathini. Ishirini na saba. Saa kumi kasoro dakika tano, kipimajoto kinasoma 23. Edwina ameinua uso kuelekea darini.

Kisha kila kitu kinazimika.

Caetano anatokea jikoni mwa karavani, mikono imening'inia. "Basi," anasema. "Tumejaribu. Yule mnunuzi na aje Jumamosi."

Jepchirchir amefungua kisanduku cha breka na kugusa waya moja moja. Hakuna iliyopata moto. Mashine hazikulemewa wakati wa kuanza; zilikuwa zimetulia kwa saa mbili. Anabaki amesimama, akisikiliza, kama alivyosikiliza matangi ya maziwa. Jikoni, kitu kinalia polepole, tik, tik, kama bati linalopoa.

Juu ya meza kuna sinia, kikombe kimoja, biskuti mbili. Kando yake kuna birika la umeme, linafuka.

"Mzee," anauliza, "hii chai ni ya nani?"

"Yako," anasema Caetano. "Ni saa kumi. Mtu amekufanyia kazi tangu asubuhi, utamwachaje bila chai?"

Jepchirchir anaketi kwenye ngazi ya chumba na kucheka mpaka anafuta macho. Birika hilo peke yake hunywa ampea kumi na mbili na nusu, juu ya ishirini na nne za viyoyozi.

"Mgoa na birika lake," Alnasir anasema mlangoni. "Miaka arobaini na sita Canada, saa kumi haijamtoka."

"Na wewe umekuja kufuata nini hapa saa kumi?" Edwina anamuuliza kutoka chumbani.

Breka inarudishwa. Jepchirchir anawasha jiko la gesi, anateleka maziwa, maji na majani katika sufuria moja, kama kwao Nandi. Chai inachemka, viyoyozi vyote viwili vinanguruma juu ya vichwa vyao, na hakuna kinachozimika. Saa kumi na moja chumbani ni nyuzi 22.

Edwina anashuka ngazi tatu bila kushikwa. Anaomba kalamu na karatasi, anaandika, kisha anaibandika juu ya birika: *Baridi ikiwaka, chai ni ya gesi.* Herufi zimelala upande mmoja, zimeshikana mikono, hakuna hata moja iliyotoka mstarini. Caetano anaisoma mara mbili. Anatoka nje na simu, na anasikika akimwambia mnunuzi asisumbuke kuja Jumamosi.

Jepchirchir anatoa ile fomu mfukoni na kuiweka kando ya karatasi mpya.

Masika yajayo anataka kununua gari lake mwenyewe, karakana ya kumfuata mtu pale karavani yake ilipomharibikia. Amekwisha weka akiba ya theluthi moja ya bei. Jina ubavuni mwa gari, anasema, halitachorwa kwa kompyuta.

"Mama Elaine ataliandika," anasema. "Nitampelekea kalamu hukohuko ziwani, chumbani kwake."

Edwina hajangoja masika. Amegeuza risiti ya mafuta ya gari na kuanza kujaribu herufi ya kwanza.