Kidole cha Mama na Kipimajoto

Mama hugandisha maziwa kwa kidole. Akishayachemsha huyaacha yapoe, kisha huchovya kidole cha mwisho. Kikivumilia, hutia maziwa ya jana yaliyoganda na kufunika sufuria kwa blanketi. Nimekua nikiyanywa hapa Mbeya, wala hayakuwahi kuharibika.

Mwezi uliopita nilitoka Iringa, ninakoishi, nikamkuta na malengelenge vidoleni. Maziwa yalikuwa yamegoma kuganda mara kadhaa, naye akamlaumu ng'ombe wa jirani. Ana kisukari, na daktari alishaniambia kinaweza kuua hisia za vidole. Mama anaishi peke yake, jiko ni la mkaa. Tukagombana sana, tukakubaliana: vidole vikiwa vimekufa, anahamia kwangu.

Nilikuwa nimemletea kipimajoto cha jikoni. Akachovya kidole kwenye maziwa. "Vuguvugu," akasema. Kipimajoto kikaandika sabini.

"Kinaongopa hicho kidude chako."

Ningeweza kuchovya kidole changu, ubishi ukaisha. Sikuthubutu. Nilitamani, Mungu wangu, kiwe kinaongopa kweli. Karatasi yake ya maelezo ilisema kijaribiwe kwanza: maji yanayochemka yasome mia, ya barafu yasome sifuri. Tukabandika maji. Yakatokota mpaka kifuniko kikacheza. Kipimajoto kikasoma tisini na nne, kikakwama hapo.

Mama akapiga kigelegele. "Si nilikwambia? Umeuziwa kibovu, mwanangu!"

Nikacheka naye kama mjinga. Tukaomba barafu kwa jirani mwenye friji, tukaiponda kwenye kikombe cha maji, nikatumbukiza sindano ya kipimajoto.

Sifuri.

Ndipo nikakumbuka tulichofundishwa shuleni, na ambacho kila mpika maharage wa huku anakionja bila shule: kwenye miinuko maji huchemka kabla ya kufika mia. Kidude kilikuwa kizima.

Nikamweleza. Hakubisha, na hilo liliniuma kuliko ubishi wake wote. Mama asiyebisha mimi simjui.

"Iringa nako maharage yanachelewa kuiva?" akauliza.

"Yanachelewa, Mama."

"Haya. Nitafunga nguo kesho."

Akabaki ameinamia sufuria, akiyatazama maziwa yaliyokwisha kupoa. Nikamshika vidole kwa nyuma, nikavibana kidogo, kisha zaidi. Hakugeuka.