Bakari Alipokufa Tulipiga Vigelegele

Makuti yaliyolowekwa yana harufu yake, na aliyekulia upande wetu wa Msambweni haisahau: nzito, ya chumvichumvi, kama mkeka ulioachwa mvuani. Ndiyo harufu iliyojaa uani kwetu nilipokuwa darasa la tano, maana shangazi yangu Mwanamisi na majirani zake walikuwa wamepata kazi ya kushona makuti ya kuezekea hoteli mpya kule Diani. Kila alasiri walikaa kivulini kando ya ukuta, leso zimefungwa viunoni, wakiyakunja makuti juu ya fito na kuyashona kwa nyuzi za miaa, midomo ikienda mbio kuliko mikono. Mimi pia nilijaribu. Makuti yangu yalitoka yamepinda, shangazi akasema nikiendelea vile wageni watanyeshewa kitandani, nikaachishwa kazi siku hiyo hiyo.

Uani hapo hapo, kwenye kiti chake cha kamba, alikaa bibi yangu, Mwanatumu. Jamani, bibi yangu alikuwa msemaji! Alikuwa akimsuta mtu kwa utani mpaka aliyesutwa mwenyewe anaomba maji kwa kucheka. Kisha kiharusi kikampiga. Aliporudi kutoka hospitali aliweza kula, na aliweza kutembea akishikwa mkono, lakini maneno hayakurudi naye. Mimi nilipewa jina lake, na tangu nipate akili hakuwahi kuniita jingine ila "wajina". Sasa nikimwamkia, "Shikamoo, bibi," ananitazama kama mtu aliyepita njia, halafu anageuza uso. Niliumia, tena sana. Nilikuwa najificha nyuma ya jiko nalia, kisha natoka nimejipangusa kwa leso ya shangazi, naye anajifanya hajaona.

Daktari alikuwa amemwambia shangazi kwamba bibi asiachwe kimya. Azungumziwe, asimuliwe, asomewe. Ubongo nao unataka mazoezi kama mkono ule uliolegea. Shangazi alilifikiria hilo siku nzima, kisha akanigeukia. "Wewe uliyeshindwa na makuti, kusoma si unajua? Haya, keti hapo umsomee bibi yako." Nikaenda kwa mwalimu wetu wa Kiswahili, akaniazima kitabu cha hadithi, jalada limekwisha chakaa, kinachomhusu kijana mmoja mchimba visima aitwaye Bakari. Tangu hapo kila nikitoka chuoni kusoma Kurani ilikuwa ni kazi hiyo. Maandishi yalikuwa madogo kama sisimizi, kwa hivyo nilisoma kidole kikifuata mstari; nikikiondoa tu, nimepotea.

Nilidhani ninamsomea bibi, kumbe ninawasomea wote. Kusoma kwenyewe hakukuwa kule kwa darasani, mmoja asome na wengine wanyamaze. Wale wanawake hawakubali kuanza kabla hatujakubaliana jana tuliishia wapi, na hapo pana ubishi. "Alikuwa ameshafika kwa mkwewe." "Hajafika! Yuko njiani, ameketi chini ya mkanju." Mama Kioko, aliyekuja na mumewe kutoka Ukambani kulima kwenye mashamba ya skimu ya serikali, ndiye aliyekuwa hasahau kitu. Nikisoma wao wanajibu, wanamtukana mjomba mchoyo wa kitabuni, wanamwonya Bakari kana kwamba yuko nyuma ya ukuta anasikia. Mimi mwenyewe nikaanza kubadilika. Maneno niliyokuwa nikiyapita nikaulizwa maana yake, ikabidi niyatafute. Habari za jana nikaziweka kichwani nisije nikachekwa. Lakini kila nikimaliza ukurasa namtazama bibi, na bibi yuko vile vile, macho yake mkononi mwangu, mdomo umefungwa.

Kisha kisima kikamwangukia Bakari. Weh! Makuti yalilala siku hiyo. Walimtoa akiwa hai, akalazwa, nami nikafunga kitabu kwa sababu adhana ya magharibi ilikuwa imeshaanza. Shangazi na wenzake waliinua mikono wakamwombea dua, nyuso zimekunjamana kweli. Mama Kioko naye kesho yake, Jumapili, akasimama kanisani kwao akaomba waumini wamkumbuke kijana mmoja aliyeangukiwa na kisima, mpaka mchungaji akauliza amelazwa wodi gani wapate kumtembelea. Mama Kioko akasema ni mtu wa mbali.

Mimi nilikuwa nimekwisha chungulia mbele. Bakari anakufa. Nikamnong'oneza shangazi jikoni, naye akashika kiuno. "Wallahi, hafi mtu uani kwangu, na mgonjwa mwingine tunaye. Mponye!" Basi alasiri ile nikaketi, nikafungua mahali penyewe, nikamponya Bakari. Nilimfumbua macho, nikamnywesha uji, nikamtoa hospitali akitembea kwa miguu yake. Wanawake wakashusha pumzi. Mama Kioko akasema, "Asante Yesu," shangazi akaitikia, "Alhamdulillahi," na kunikonyeza.

Hapo ndipo tuliposikia sauti nzito, ya kukwaruza, kama mlango usiofunguliwa siku nyingi. "Kidole hakitembei."

Sote tukageuka. Bibi alikuwa ananitazama mimi, si kitabu. Bibi yangu hakujua hata herufi moja, lakini siku zote zile alikuwa akikifuata kidole changu. Akahangaika na mdomo, upande mmoja ukivuta mwingine, kisha akasema, "Amekufa. Huyo kijana amekufa. Soma."

Nikarudisha kidole kwenye mstari nikasoma, na nilipofika pale Bakari anapokata roho, shangazi Mwanamisi alirusha makuti juu akapiga vigelegele. Wote wakapiga. Jirani wa pili akaja mbio kuuliza nani kaolewa, Mama Kioko akamjibu huku machozi yakimtoka, "Hakuna harusi, ni Bakari amekufa!" Yule jirani akatutazama mmoja mmoja, akarudi kwake bila ya kuaga.

Siku hizi ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya Diani, na ninaishi Ukunda. Simu yangu ina vitabu vingi kuliko shule nzima niliyosoma, lakini ujumbe ukiingia nasahau nilikuwa ukurasa gani, na hakuna wa kubishana naye. Kwa hivyo nimejiwekea ada: kila jioni simu inakaa chumbani, nasoma kurasa chache za kitabu cha karatasi kwa sauti, wanangu na baba yao wakipenda wasipende. Wataalamu wanasema kusoma kunaupa ubongo nguvu, kunatunza kumbukumbu, kunatuliza moyo. Nawasikiliza kwa adabu, nami nimeyaona kwa macho yangu. Bibi hakupata kusema kama zamani. Maneno yalimjia mojamoja, mengine yakimponyoka. Lakini tulipoanza kitabu kingine, siku ya pili yake, nilitoka chuoni nikamkuta amekwisha geuza kiti kinielekee. Hata sijamwamkia bado.

"Wajina," akaniita, "tuliishia wapi?"