Haki ya Kila Herufi

Andika kama ninavyosema, wala usinitengenezee. Mimi sikuingia shule. Chuo cha Kurani niliingia, nikasoma juzuu chache, kisha mama yangu akafariki, nikatolewa ili nilee wadogo zangu. Kwa hiyo maneno ya Kiingereza utakayokutana nayo humu yaandike kwa sauti niliyoyasikia nayo. Ukiyavisha sare ya shule hayatakuwa yangu tena.

Miaka ile ya themanini, babu yako alipokwisha kufa, nilikuwa nikitoka hapa Magogoni baada ya sala ya alfajiri na kwenda kwa miguu hadi Nyali, kumtunza mwanamke wa kizungu aliyekuwa mzee na mjane. Nilimwita memsabu, kama walivyoitwa wote. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu na miguu haikumtii. Nilimwogesha, nikamvisha, nikampikia, na nilipitia Kongowea kumchagulia mapapai laini kwa kuwa meno yaliyobaki hayakuweza kitu kigumu. Mshahara wa nyumba ile ndio uliomweka mama yako katika shule ya sekondari, na hapakuwa na mlango mwingine. Nataka ulijue hilo mapema, maana hofu yote nitakayokusimulia ilisimama hapo. Kazi ikiondoka, mama yako angerudi nyumbani, na msichana aliyerudi nyumbani siku zile hakukaa sana kabla ya kuja watu kumposa.

Memsabu na mimi tulisema Kiswahili, chake kikiwa cha kuvunjikavunjika. Kiingereza nilikuwa nacho kidogo, na nilikiokota redioni. Redio ilikaa juu ya kabati la jikoni, na kila siku msomaji wa taarifa ya habari alisoma polepole, neno baada ya neno, kila moja limesimama kwa miguu yake. Nilimpenda mtu yule. Alinikumbusha mwalimu wangu wa chuoni, aliyeketi na fimbo ya henzirani mapajani akitwambia kwamba kila herufi ina haki yake, na mwenye kuimeza ameidhulumu. Henzirani ile niliipata mgongoni kwa ajili ya herufi moja. Tangu hapo sikumkatia mtu neno, hasa mtu ninayemheshimu. Kwetu, anayekukatia maneno amekudharau.

Binti wa memsabu alikuwa Ulaya, na kila Jumapili baada ya adhuhuri alipiga simu. Ikiwa mamake amelala, niliipokea mimi. Nilijifunga leso vizuri kana kwamba ananiona, nikasimama wima, nikasema kwa adabu zangu zote: "Shii izi silipingi. Ai wili noti weki ha." Yaani amelala, nami sitamwamsha. Kila neno nililipa haki yake, kama yule wa redioni. Nilidhani namfurahisha.

Jumapili moja memsabu alizungumza na bintiye kwa muda mrefu kuliko desturi. Alipomaliza hakukirudisha chombo cha simu mahali pake. Alikiacha mapajani kikilia.

"Kuja hapa," akaniambia. Nikaenda. "Yeye nasema wewe kali sana."

"Mimi, memsabu? Nimemfanya nini?"

"Nasema wewe nakataza yeye kuongea na mimi. Wewe nafunga mimi kwa nyumba. Yeye nafikiri..." Hakumaliza. Aliuinua mkono mmoja akaupiga mwingine kofi dogo, kunionyesha bintiye anafikiri nini.

Nikapiga magoti kando ya kiti chake.

"Wallahi sijakugusa kwa ubaya hata siku moja."

"Mimi najua. Yeye hapana jua. Yeye nakuja, naangalia kwa macho yake. Kama naona mbaya, mimi nakwenda Ulaya, nyumba ya wazee. Wewe nakwenda kwako." Akapapasa mpaka akaupata mkono wangu. "Wewe nasema 'wili noti'. Hiyo kama polisi. Sema 'wonti'. Hiyo laini."

Siku ile nilipita Kongowea bila kujua nimepita. Wachukuzi wa mikokoteni walinipigia kelele niwapishe, nami nikasimama katikati ya njia kama gunia. Nilikuwa nikiliuliza jambo moja tu nafsini mwangu: imekuwaje heshima yangu imfikie mtu upande wa pili ikiwa ukatili? Na kama ndivyo wanavyosikia, ni mangapi mengine niliyowahi kuyasema kwa wema yakawafikia hivyo hivyo? Na sikuwa na mtu wa kumwuliza isipokuwa mmoja.

Jioni mama yako alikuwa uani akichagua mchele.

"Nifunze Kiingereza cha kumeza maneno," nikamwambia.

Akanitazama, kisha akayarudisha macho kwenye ungo. "Mimi nikufunze wewe, mama?"

"Kwani yumo mwingine humu?"

"Hayumo, mama."

"Basi nifunze. Na ukicheka nitakusikia."

Alikuwa akiniogopa, na nilitaka aniogope. Ndivyo nilivyowalea wote. Lakini jioni ile uani tulikuwa wawili wenye hofu, na yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Sikumwambia kwamba masomo yake yamo hatarini. Nilimwambia tu kwamba memsabu ana mgeni.

Nikaketi juu ya mbuzi nikaanza kukuna nazi, ili mikono iwe na kazi, naye akatamka.

"Donti."

"Du noti."

"Donti, mama. Kwa mkupuo mmoja."

"Du... donti."

"Hiyo ya mwisho usiikanyage. Iguse tu kwa ncha ya ulimi, uiache. Wonti. Kanti. Izinti."

"Izi noti."

"Izinti."

Jirani yetu alikuwa upande wa pili wa ua wa makuti, na masikio yake hayakupata kupumzika maisha yake yote. "Shoga!" akaita. "Hicho ni Kiingereza ama ni mafua?"

"Ni mafua," nikamjibu. "Yakikushika wewe hutapona."

"Basi jifukize, utatuambukiza mtaa mzima!"

Mama yako alijiuma mdomo. Nilimwona, nikaendelea kukuna.

Jioni ya kwanza ikapita hivyo, na ya pili, na nyinginezo. Ulimi wangu ulikuwa punda aliyekataa daraja. Nilipokaribia pale pa kumeza, niliiona henzirani, nikalitoa neno zima. Siku moja nikaghadhibika, nikakitupa kifuu ukutani. Mama yako akajikunyata.

"Usinipige, mama. Nina neno."

"Liseme."

"Chuoni, herufi ya nuni ikikutana na re, huwa hamuisomi. Mwaiingiza ndani ya re, mwapita. Wala mwalimu hasemi imedhulumiwa."

"Ya chuoni usiniletee kwenye nazi," nikamwambia. Lakini niliacha kukuna.

Alikuwa amesema kweli, na alijua kuwa amesema kweli. Nuni ile haiibiwi. Hukaribishwa ndani kwa jirani yake, ikabaki humo, na msikilizaji mwenye sikio huisikia katika uzito wa herufi iliyoipokea. Nilisoma hivyo tangu utotoni bila kuwaza kwamba mtu mwingine, katika lugha nyingine, naye angeweza kuwa na adabu ya namna ile. Nikachukua nusu nyingine ya nazi. "Donti," nikasema. Likatoka. Mama yako alianza kuchagua mchele kwa haraka zaidi.

Jumapili iliyofuata simu ililia, na jasho likanitoka kabla sijaigusa. Memsabu alikuwa bafuni. "Shiz ini dhe bathi," nikasema. "Plizi, donti go." Yumo bafuni, tafadhali usiondoke. Kisha yule binti akanishukuru, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilidhani labda sasa hatakuja.

Alikuja. Alikuwa mrefu, mwenye macho ya mamake, ila yake yalikuwa hayajaingia ukungu na hayakuachia kitu. Nilimsalimu kwa maneno laini yote niliyofunzwa, na kila moja nilipolitoa nililisikia likitetemeka. Nilikuwa nimejifunza kuyameza; sikuwa nimejifunza kuyasema bila hofu. Na mwenye nyumba anayemwona mtumishi akitetemeka hujiuliza anaficha nini. Aliionja supu ya mamake kabla hajampa. Alizitazama kucha za mamake. Nilipoingia chumbani alinyamaza, nilipotoka nilimsikia akianza tena kwa sauti ya chini. Nikirudi Magogoni mama yako aliniuliza, "Mgeni aelewa Kiingereza chako, mama?" Nikamwambia aelewa, nikamwamuru akasome.

Asubuhi moja akampandisha mamake mkono wa gauni, na pale chini ya bega palikuwa na alama ya buluu, ya vidole. Niliijua. Memsabu alikuwa ameteleza bafuni, nami nikamdaka. Ngozi ya mzee ni kama ya ndizi iliyoiva, huandika kila kinachoigusa.

"Wotsi disi?" akauliza. Hii ni nini. Hakuniuliza mimi, alimwuliza mamake.

Memsabu akafikiri. Siku zile kumbukumbu zake zilikuwa zikija na kuondoka. "Ai donti rimemba," akasema. Sikumbuki.

Neno lile laini, nililolihangaikia juu ya mbuzi jioni zote zile, lilinipiga kuliko henzirani yoyote. Yule binti akanigeukia. Maneno mafupi yote yakanikimbia, yakabaki yale ya redioni, yamesimama wima kama askari. "Shii wozi foling," nikasema. "Ai holdi ha. Ai didi noti hati ha. Ai didi noti." Alikuwa akianguka, nikamshika, sikumuumiza. Nilisikia mwenyewe jinsi yalivyotoka, makavu, kama ya mtu anayegombana. Akaniambia kwamba tangu siku ile atamwogesha yeye, nami nikae jikoni.

Nikakaa jikoni. Redio sikuiwasha. Nilikuwa nikipanga namna ya kumwambia mama yako, nikianza sentensi na kuiacha, maana hakuna lugha yoyote, ya kumeza wala ya kutamka, ambayo jambo lile lingelainika ndani yake. Bafuni maji yalianza kumiminika. Nikasikia bakuli likianguka, kisha ukelele. Niliinuka, nikasimama mlangoni pa jikoni, nisitoke. Nimeambiwa nikae. Nikienda nimevunja amri. Nisipokwenda, na yule mzee yuko sakafuni, je?

"Kamu!" akaita yule binti. "Plizi! Plizi!"

Nikakimbia. Memsabu alikuwa amening'inia nusu ndani ya beseni la kuogea, sabuni mwili mzima, na bintiye amemkamata mkono mmoja kwa nguvu zake zote, uso umemsawijika. Nikaweka mguu wangu nyuma ya kisigino cha mzee, kama nilivyozoea, nikapitisha mkono chini ya kwapa, nikamwambia yule binti kwa kichwa ashike huku. Tukamwinua. Tukamkausha pamoja. Memsabu alikuwa akinung'unika kwamba maji ni baridi.

Kesho yake asubuhi nilipofika, nilimkuta binti ameketi ukingoni mwa kitanda, ameishika mikono yote miwili ya mamake kwenye mwanga wa dirisha. Mmoja una alama yangu, imeanza kuwa ya manjano. Wa pili una yake, mbichi, na vidole vyake vimejichora vizuri kuliko vyangu. Aliitazama kwa muda. Kisha akaniachia nafasi, akanipa taulo. Samahani hakusema, wala sikuitaka.

Siku ya kuondoka, teksi ikiwa imesimama nje, alinishika bega. "Donti livu ha," akasema. Usimwache.

"Ai wonti," nikasema, sitamwacha, na hilo lilitoka lenyewe, bila nazi wala henzirani.

Miaka ikaenda, tukaingia ile ya tisini. Mama yako akamaliza shule, akapata kazi Changamwe, akaolewa kwa wakati aliotaka yeye. Mimi niliendelea kuipokea simu kila Jumapili, na maneno mafupi yakanizoea, lakini hofu haikuondoka. Mpaka leo kengele ya simu ikilia hujifunga leso kwanza.

Memsabu alifariki asubuhi ya Jumapili. Nilikuwa nimemwinua anywe chai, akanilalia kifuani, akawa mzito. Nikamlaza. Nikampigia kelele mtunza bustani wa nyumba ya pili aende akamwite daktari, nikamfunika mzee, nikafunga taya zake kwa kitambaa safi. Daktari hakutokea upesi. Saa zikasogea, na nilijua kinachosogea pamoja nazo. Simu ikalia kwa wakati wake, kama Jumapili zote.

Niliitazama ikilia. Kwenda, nilikwenda. Nilipokishika chombo nilikuwa na maneno ya aina mbili mdomoni, nisijue lipi litatoka, na niliogopa laini lisije likamfanya adhani mamake amelala tu.

"Yo matha izi dedi," nikasema. Mamako amekufa. Kila neno nililipa haki yake. "Ai wozi withi ha. Ai didi noti livu ha." Nilikuwa naye, sikumwacha.

Nilisikia pumzi zake tu, na upepo katika waya. Nilingoja anipigie ukelele.

"Ai no," akasema mwishoni, kwa sauti ndogo. Najua. "Ai no yuu didinti." Najua hukumwacha.

Nikakirudisha chombo mahali pake. Nikarudi chumbani, nikavuta kigoda, nikaketi kando ya kitanda mpaka watu walipokuja, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kusema kwamba sikumwacha.