Asali ya Mama Kwenye Mizani

Mwalimu wetu wa shule ya kati kule Nachingwea alitufundisha jambo lililoninyima usingizi kwa raha. Galoni ya maji, yawe ya mtoni au ya kisimani, ina uzito wa ratili kumi. Ya mafuta ya ufuta haifiki hapo. Ya asali iliyokamuliwa kwenye masega tuliipima wenyewe darasani, ikagota kumi na nne. Gawanya uzito kwa ujazo, na kitu hakikudanganyi tena. Siku hizi watoto huiita densiti.

Likizo ya kipupwe nikarudi nyumbani Ruangwa, nikitafuta cha kupima. Nilikikuta sokoni, kwa mama yangu mzazi.

Mama aliuza asali. Baridi ilikuwa imeigandisha, kwa hiyo aliipasha moto alfajiri ndipo akaibeba. Wanunuzi walikuwa na kipimo chao: tone moja mchangani. Likikaa kama punje, ni asali; likitapakaa, imetiwa maji. La mama, likiwa bado na joto, lilitapakaa.

"Wakuja hawa," alisema muuza asali wa pembeni yake. "Wamevuka Ruvuma na maji yao."

Hasira zilinipanda. Nilimpa mama kibuyu cha maji, akakisukuma. Tangu asubuhi hakuwa amekunywa, asije akaonekana na maji karibu na debe lake. Tulikuwa wageni, na jina lake likiharibika pale, hapakuwa na mahali pengine pa kuuzia.

Nikaomba mizani na kopo la galoni kwa mwenye duka la ufuta. Alikuja navyo mwenyewe, kwa umbeya tu. Tukapima kopo tupu, kisha lenye maji, tukatoa uzito wa kopo: ratili kumi, watu wote wakiona. Maji nikayamimina kwenye sufuria. Nikalifuta kopo kwa upindo wa kanga mpaka likakauka, nikajaza asali. Jibu nilishalijua.

Mwenye duka akaweka kwanza mawe ya uzito wa kopo, kisha akaongeza ya asali. Kumi na moja, sahani ya asali haikunyanyuka. Kumi na mbili, vilevile. Watu wakaanza kusukumana. Kwenye kumi na nne mizani ikakaa sawa.

"Ingekuwa na maji ingepungua," nikasema. "Imetapakaa kwa sababu ya moto." Sikuishia hapo, niliwapa somo zima, na la mafuta ya ufuta nikalitia humo humo, ingawa hakuna aliyeniuliza. Kisha nikanyoosha mkono kwenye debe la yule jirani. Akalifunika upesi kwa kanga yake.

Mama akanishika mkono. "Mwache, mwanangu. Yetu imeshapimwa."

Akaivuta ile sufuria ya maji ya kupimia, akaiweka kando ya debe lake la asali. Akachota kwa kata, akanywa mbele ya wote, akachota tena.