Kikuba cha Mamake Fundi

Leo kwenye mdahalo mwalimu alituambia anayetaka kushinda alete hoja, machozi ayaache nyumbani. Darasa zima likacheka. Mimi niliinama tu, maana nilimkumbuka bibi, na kusimama mbele ya watu siwezi. Basi nakuambia wewe.

Ule ua wetu nyuma ya mtaa wa Mlandege ungeujua kwa harufu kabla hujauona. Katikati palikuwa na mlangilangi, mti wa maua ya kunukia, na kila alasiri bibi alikaa kwenye jamvi akifunga vikuba, vile vishada vya maua wanavyobandika wanawake kifuani wakienda harusini. Mimi nikimchambulia asumini, vidole vikinukia mpaka wakati wa kula. Vikuba hivyo akiviuza sokoni Darajani, navyo ndivyo vilivyotuvisha.

Sasa, ua huo tulichangia na jirani yetu, fundi seremala, na mti wenyewe ulikuwa upande wake, naye akataka kuukata apate pahala pa kuwekea mbao. Mjomba akamwendea na maneno ya mipaka na haki. Fundi akamjibu kwa adabu kuwa mti ni wake, na kweli ulikuwa wake. Asubuhi yake akatoka na msumeno.

Bibi hakugombana. Alinipa sinia nimshikie, tukavuka ua. Fundi, ambaye mamake alikuwa amefariki kabla ya Ramadhani, akamwamkia shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, akamwekea kiganjani kikuba pekee kilichokuwa kwenye sinia.

"Mamako alikuwa hataki mawaridi," alisema taratibu. "Rihani mbili, asumini zilizofumba, na langilangi moja katikati. Hivi ndivyo nlivyomfungia siku ulipooa."

Fundi alikinusa. Macho yakamjaa maji.

"Bi mkubwa, unanfanyia makusudi."

"Naam, makusudi. Lakini uongo hamna."

Fundi akacheka huku anajifuta kwa kofia. Mbao akazisimamisha ukutani, na msumeno ukarudi ndani. Mjomba akamtania bibi kwamba amemliza mtoto wa watu. Bibi akamwambia akamenye muhogo. Nami nikarudi na sinia tupu, kichwa juu, mimi nisiyeweza kumtazama mtu usoni.

Baadaye fundi alihama, nyumba ikanunuliwa na mgeni, naye pia akautaka ule mti ukatwe. Majirani walimhimiza bibi aende na kikuba. Alikwenda mikono mitupu, akamwomba kwa maneno ya kawaida, akakataliwa. Siku hizi pale pana banda la bati, halinukii kitu, na bibi keshatangulia mbele ya haki.

Nilimuuliza siku ile kwa nini hakuchukua kikuba. Akanitazama kama nimemuuliza jambo la kitoto.

"Mamake huyu simjui, mjukuu wangu. Ntamfungia vipi?"

Mwalimu angesema bibi alishindwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku ninayomwonea fahari zaidi, kuliko hata ile ya msumeno.